Nani Aliyeoka Mkate? Nyumba ya Mshairi, kutoka Grasmere hadi Tanga

Kila mwaka promosheni mpya inapofika kwenye somo la mashairi ya Kiromantiki, William Wordsworth huingia darasani akiwa peke yake. Yuko kilimani, mikono mitupu, upepo usoni, maua mbele yake. Tunaandika daftarini kwamba mshairi wa Kiromantiki ni mtu wa upweke, wa maumbile na wa hisia, na siku ya mtihani tunairudisha sentensi hiyo kama tulivyoipokea. Hakuna anayeuliza mtu huyo alikula nini asubuhi ile, nani aliwasha moto, nani alifua shati alilopanda nalo kilimani. Maswali hayo huonekana ya jikoni, si ya chuoni.

Makala hii inayabeba maswali ya jikoni hadi darasani. Nitaanza Uingereza, kwa sababu nyumba ya Wordsworth imeandikwa siku kwa siku na mtu aliyeishi ndani yake. Kisha nitageukia fasihi ya Kiswahili, kwa Mwana Kupona wa Pate na Shaaban Robert wa Tanga, ambao nao waliandika kutoka ndani ya nyumba lakini kwa njia nyingine kabisa. Ninachotaka kuonyesha ni kimoja: kazi za nyumbani si mandhari ya nyuma ya shairi. Mara nyingi zimo ndani ya shairi lenyewe, ila zimefutwa jina.

Neno kwanza. Baadhi ya wahakiki wa Kiswahili wameuita mkondo huu ulimbwende. Mimi silipendi, kwa kuwa kwa wasemaji wengi mlimbwende ni mtu anayejipamba na kutembea kwa maringo, na Wordsworth, kama tutakavyoona, aliweza kutunga shairi bila hata kuvaa soksi. Nitasema Uromantiki.

Tarehe 20 Desemba 1799 William, mwenye umri wa miaka 29, na dada yake Dorothy, aliyebakiza siku chache kutimiza 28, waliingia katika nyumba ndogo ukingoni mwa kijiji cha Grasmere, katika nchi ya maziwa na milima kaskazini magharibi mwa Uingereza. Leo nyumba hiyo ni makumbusho na huitwa Dove Cottage. Zamani ilikuwa nyumba ya kuuzia pombe. Kuta zake ni nene, sakafu ya chini ni ya mawe, vyumba ni vichache na vidogo. Chumba cha kuhifadhia chakula kilikaa baridi mwaka mzima kwa sababu kijito kilipita chini ya sakafu yake. Hilo ndilo lilikuwa friji lao. Chumba kimoja cha juu kilipitisha baridi kiasi kwamba Dorothy alikibandika magazeti kutani. Wapo wasomaji wa jarida hili waliolala katika vyumba vilivyobandikwa magazeti na maboksi, kwa hiyo sihitaji kueleza zaidi.

Ili kuelewa nyumba hii ilikuwa na maana gani kwao, hasa kwa Dorothy, lazima turudi nyuma kidogo. Mama yao alifariki mwaka 1778 na baba mwaka 1783. Baada ya kifo cha mama, Dorothy alipelekwa kulelewa na jamaa, mbali na kaka zake, na kwa miaka mingi hakuwa na nyumba aliyoweza kuiita yake. Mtu aliyekulia kwa watu akijua kila siku kwamba anakula chakula cha wengine, huyo akipata mlango wake na ufunguo wake, hata kufagia kunakuwa raha. Sisi wa Ituri tunao wengi miongoni mwetu waliokulia kwa shangazi, kwa mjomba, kambini, au kwa mtu aliyekuwa jirani tu wa wazazi wao. Hao watamsoma Dorothy haraka kuliko mwalimu.

Shajara yake ya Grasmere ilianza tarehe 14 Mei 1800. Siku hiyo William na ndugu yao John waliondoka kwa safari ya Yorkshire, na Dorothy akabaki peke yake. Aliamua kuandika mambo ya kila siku mpaka watakaporudi, ili asizongwe na mawazo yake, na pia kwa sababu William angefurahi kuyasoma. Tuweke alama hapo. Shajara hii haikuwa siri ya msichana iliyofichwa chini ya mto. Tangu siku ya kwanza ilikuwa na msomaji mmoja, na msomaji huyo alikuwa mshairi.

Ndani yake kuna nini? Mikate iliyookwa, pai zilizookwa, mbaazi zilizochumwa, maharage yaliyopandwa ukutani mwa nyumba, mashati yaliyoshonwa, nguo zilizofuliwa na kupigwa pasi. Kuna wapita njia: askari waliorudi vitani, wajane wenye watoto, mabaharia wasio na kazi, na kila mmoja anaandikwa alivyovaa na alichopewa. Kuna safari za miguu kwenda Rydal na Ambleside kuulizia barua, nyakati nyingine gizani na mvuani, na kurudi bila kitu. Kuna maumivu ya kichwa, ya Dorothy na ya William. Kuna rafiki yao Coleridge, aliyehamia Keswick mwaka 1800, umbali wa kilomita kama 20, ambaye angeweza kugonga mlango usiku wa manane na kukuta moto bado unawaka.

Kulikuwa pia na msaidizi. Molly Fisher, mwanamke mzee wa jirani, alikuja saa mbili au tatu kwa siku kuwasha moto, kuosha vyombo na kazi za namna hiyo, kwa ujira wa shilingi mbili kwa wiki. Katika vitabu vyetu vya historia ya fasihi jina lake halimo. Lakini asubuhi ya baridi nchini Uingereza haianzi mpaka mtu awashe moto, na mikono ya aliyeuwasha ndiyo iliyotangulia mikono iliyoshika kalamu.

Tusimwonee William. Hakuwa bwana mkubwa wa kukaa kitini akingoja sahani. Alipasua kuni, alilima bustani, alibeba mawe ya kujengea ngazi za bustanini. Siku moja ya theluji alisafisha njia ya kwenda chooni, akamwita dada yake aje aione kazi yake, na kabla hawajaifikia, theluji yote ya paani ikaporomoka na kuizika tena. Dorothy aliandika hilo pia. Nampenda Wordsworth huyu wa choo kuliko yule wa mtihani.

Hata hivyo kulikuwa na mgawanyo, na siku inayouonyesha vizuri kuliko zote ni Jumapili tarehe 14 Machi 1802. William yuko mezani, asubuhi. Mbele yake kuna bakuli la supu na sahani ya mkate wenye siagi. Wanazungumza juu ya vipepeo, na Dorothy anakumbuka kwamba utotoni alikuwa akiwakimbiza lakini akiogopa kuwagusa asije akawafuta vumbi la mabawa. Papo hapo shairi linaanza kumjia William. Hali kitu. Hajavaa soksi, ukosi wa shati uko wazi, kizibao hakijafungwa. Anaandika mpaka anamaliza, na supu inapoa.

Tazameni vitu vitatu vilivyo mezani hapo. Supu, ambayo mtu aliipika. Kumbukumbu ya utotoni, ambayo ni ya Dorothy. Na shairi, ambalo lina jina la William. Halafu kuna kitu cha nne kisichoonekana: karatasi ambayo Dorothy aliandika tukio zima, kwa sababu bila hiyo tungekuwa na shairi tu, tukasema limetoka kwenye maumbile.

Mfano wa pili ni mzee muokota ruba. Mwishoni mwa Septemba 1800 Dorothy na William, wote wawili, walikutana njiani na mzee aliyepinda mgongo. Zamani aliishi kwa kuokota ruba wa kuuzia matabibu, lakini ruba walikuwa wameadimika na sasa aliishi kwa kuombaomba. Dorothy aliandika habari zake tarehe 3 Oktoba: koti alilovaa, wazazi wake, mke na watoto waliofariki, bei ya ruba. Mwaka 1802 William alitunga shairi juu ya mzee huyo, na ni moja ya mashairi yake makubwa. Lakini katika shairi, anayekutana na mzee ni mtu mmoja, akiwa peke yake nyikani.

Mfano wa tatu ndio tunaoukariri wote. Tarehe 15 Aprili 1802, Dorothy na William walikuwa wanarudi nyumbani kwa miguu, upepo mkali ukivuma, wakipita kando ya ziwa Ullswater. Waliona maua ya dafodili, machache kwanza, kisha mengi zaidi, mpaka yakawa ukanda mrefu ufukweni. Shajara inayaeleza kama viumbe hai: mengine yamelaza vichwa juu ya mawe kama watu waliochoka, mengine yanayumba na kucheza na kuucheka upepo. Shairi la William lilitungwa karibu miaka miwili baadaye na kuchapishwa mwaka 1807. Sitalinukuu, mnalijua. Maua yapo, ngoma ipo, furaha ipo. Dada hayupo. Na mistari miwili katika shairi hilo, ambayo William mwenyewe alikiri kuwa ndiyo bora kuliko yote, ilitoka kwa mkewe, Mary. Basi shairi la upweke mashuhuri kuliko yote katika Kiingereza lilihitaji watu watatu.

Hapa wenzangu wengine huruka na kusema: aliiba. Mjadala wa aina hiyo umewahi kutuchukua adhuhuri nzima, na nadhani tulikosea pande zote. William hakumficha dada yake. Katika shairi lake la mwaka 1798 juu ya mto Wye anamgeukia Dorothy waziwazi, na kwingineko anamtaja kwa shukrani kubwa. Dorothy naye aliandika akijua kaka yake atayatumia maneno yake. Mwaka 1810, alipohimizwa achapishe maandishi yake, alijibu kwamba hangependa hata kidogo kujitangaza kuwa mwandishi. Hayo ni maneno yake na tuyaheshimu. Lakini kumheshimu si kuacha kuuliza. Mtu anaweza kukikataa kiti kwa sababu hakipendi, au kwa sababu tangu utotoni hakuwahi kuona mtu wa aina yake amekikalia. Shajara ya Grasmere haikuchapishwa alipokuwa hai. Alifariki mwaka 1855, miaka mitano baada ya William.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, ingawa bila fedha hakuna nyumba. Rafiki mmoja, Raisley Calvert, alifariki mwaka 1795 na kumwachia William pauni 900 ili aweze kuandika bila kutafuta kazi. Urithi wa baba yao ulikuwa umezuiwa na tajiri mmoja, Lord Lonsdale, ambaye baba yao alimfanyia kazi na ambaye hakulipa deni lake mpaka alipofariki mwaka 1802; mrithi wake ndiye aliyekubali kulipa. Baadaye, mwaka 1813, mshairi wa milima alipokea kazi ya serikali ya kusimamia uuzaji wa stempu za kodi. Alikuwa karani, kwa maana fulani. Neno hilo tutakutana nalo tena Tanga.

Kuna pia nyumba isiyokuwemo ndani ya nyumba. Akiwa kijana huko Ufaransa wakati wa mapinduzi, William alimpenda Annette Vallon, na binti yao Caroline alizaliwa Desemba 1792. Vita vya nchi hizo mbili vikawatenganisha. Agosti 1802, kulipokuwa na amani kidogo, William alivuka bahari kwenda Calais kuonana nao, pamoja na Dorothy. Mtoto alikuwa na umri wa miaka tisa. Tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo alimuoa Mary Hutchinson. Dorothy alimpenda Mary tangu usichana, lakini hakuweza kwenda kanisani asubuhi hiyo. Alibaki amejilaza kitandani. Usiku wa kuamkia harusi pete ilikuwa kidoleni mwake. Wahakiki wameandika mengi juu ya pete hiyo, mengine ya kuaibisha. Mimi naona mtu aliyehofia kwamba nyumba aliyoipata kwa shida itakuwa ya mwingine. Haikuwa hivyo. Walirudi Grasmere watatu, wakaishi pamoja maisha yao yote, na kati ya 1803 na 1806 watoto watatu wakazaliwa mle ndani. Mwaka 1808 nyumba iliwashinda kwa udogo, wakahama.

Shajara inaishia katikati ya Januari 1803, na inaishia na mkate wa tangawizi. William alitamani kuula. Dorothy akajifunika, akatoka kwenye baridi mpaka kwa jirani yao kipofu aliyeuza mikate hiyo, akataka ile minene. Hawakuwa nayo. Akanunua myembamba ya senti sita, na kwa jinsi walivyoshukuru kulipwa, akashindwa kuwaambia kwamba nyumbani kwake walikuwa na mpango wa kuoka yao wenyewe. Kesho yake, wakiwa wanaoka, mke wa jirani akafika na mikate minene aliyowatafutia. Wakainunua. Mtu asiyejua aibu ya kununua kitu unachokipika mwenyewe, ili mwenzako asirudi na bidhaa yake mkononi, hajaishi katika mtaa.

Sasa tugeuke kwenye fasihi ya lugha yetu. Huku Ituri pwani iko mbali, lakini lugha ni moja, na maktaba ya mshairi wa Kiswahili ni yetu pia.

Mwaka 1858, miaka mitatu tu baada ya Dorothy kufariki, mwanamke wa kisiwa cha Pate, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siu, alitunga utendi unaobeba jina lake mpaka leo. Alikuwa mgonjwa, na ugonjwa ulikuwa umetimiza mwaka. Anamwita binti yake, Mwana Hashima, asogee na wino na karatasi, apokee wosia. Angalieni wino uko mkononi mwa nani: mama anatunga, binti anaandika. Grasmere dada alinakili mashairi ya kaka. Pate binti ananakili ya mama. Katika nyumba zote mbili kuna mtu aliyekaa na karatasi akimwandikia mwingine, ila Pate anayetunga na anayeandika wote ni wanawake, na hakuna aliyejificha.

Na yaliyomo ndani ya utendi huo ni nyumba yenyewe. Baada ya mambo ya dini na adabu, binti anaelekezwa namna ya kumtunza mume: kumpepea, kumkanda alale, kumwandalia chakula, kumnyoa, kumfukizia udi. Anaelekezwa kufagia mpaka chooni, kuoga, kusuka nywele, kutunga yasimini na kuitia kitandani. Darasani sehemu hii huleta kelele. Wavulana hutabasamu, wasichana hukunja uso, na asistenti hutazama saa. Mimi nawaomba wasomaji watenganishe maswali mawili. Je, tunakubaliana na wajibu anaopewa mke? Hilo ni swali halali, na jibu langu ni hapana kwa mengi. Swali la pili: ni wapi pengine katika karne hiyo ambapo kazi za mikono ya mwanamke, moja baada ya moja, zimewekwa katikati ya utendi kama jambo linalostahili vina na mizani? Kwa Waromantiki wa Uingereza supu ilibaki kwenye shajara na kipepeo akaingia kwenye shairi. Kwa Mwana Kupona vyote vilipita mlango mmoja.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani karibu na Tanga, hakuwa na Calvert wa kumwachia pauni 900. Mwaka 1926 aliajiriwa na serikali ya kikoloni kama karani wa forodha, akafanya kazi hiyo mpaka 1944, akahamishwa huku na huku, kisha akawa karani katika idara nyingine, Mpwapwa na Tanga. Vitabu vyake vingi viliandikwa pembezoni mwa kazi hiyo, kwa saa zilizobaki baada ya ofisi na kabla ya usingizi. Mnaojua kusoma usiku kwa mwanga wa simu umeme ukikatika mnajua saa hizo zinavyopungua nyumba ikiwa na watoto.

Kwake yeye, nyumba iliingia katika maandishi kwa njia ya msiba. Mkewe Amina alifariki akimwachia watoto, na shairi alilomtungia ni miongoni mwa mashairi ya maombolezo yanayopendwa zaidi katika Kiswahili. Kisha karani huyu mjane akajikuta na kazi ambayo kwa desturi ilikuwa ya mama: kuwaambia watoto namna ya kuishi. Akatunga tendi mbili, Utendi wa Hati kwa binti yake na Utendi wa Adili kwa mwanawe wa kiume, na akaziweka zote mbili ndani ya kitabu cha maisha yake, Maisha Yangu, kilichotoka mwaka 1949. Ukiusoma Utendi wa Hati baada ya wa Mwana Kupona unaona wazi ameketi mahali pa nani. Ni baba, lakini amekalia kiti cha mama mgonjwa wa Pate.

Barua zake kwa mdogo wake Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958, zimechapishwa pia, na kila mwanafunzi anayeandika juu ya Kusadikika angepaswa kuzipitia kwanza. Humo mwandishi si sanamu ya taifa. Ni kaka mkubwa mwenye familia, kazi, fedha za kupanga na miswada ya kutafutia mchapishaji. Ni aina ile ya maandishi ambayo Dorothy alituachia, isipokuwa hapa mshairi anajiandikia nyumba yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo tunaiona kutoka kiti kimoja tu. Dorothy alimwandika William akiwa hajavaa soksi. Amina hakuacha shajara, na hakuna anayetuambia Shaaban Robert alionekanaje asubuhi ile alipoacha chai ikapoa.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo kwa semina yetu ya mashairi. Tunapochambua shairi, kabla ya kuandika neno upweke, tujiulize nani mwingine alikuwa nyumbani siku lilipotungwa. Ushahidi ukiwepo, kwenye shajara, barua, tawasifu, tuutumie kama tunavyotumia mizani na vina. Usipokuwepo tusiubuni, tuandike tu kwamba haupo. Hiyo ni kazi ya uhakiki, wala si umbeya, kama mwenzangu mmoja alivyoniambia akicheka. Umbea huuliza nani alilala na nani. Sisi tunauliza nani aliwasha moto.

Na jarida hili nalo lina nyumba. Ukihesabu majina chini ya mashairi ya matoleo yake, utaona mwenyewe ya wavulana ni mangapi na ya wasichana ni mangapi. Nilimuuliza mwenzangu wa Mudzipela, ambaye daftari lake nimeliona na lina mistari mizuri kuliko yangu, kwa nini haleti shairi. Akasema anaandika akiwa kwenye foleni ya maji, bidoni mbili miguuni, na foleni ikisogea anafunga daftari. Nikamwomba basi aniletee hayo ya foleni yenyewe: nani alikuwa mbele yake, bei ya makala siku hiyo, mtoto aliyelia. Aliniuliza kama hiyo ni fasihi. Nilimpa nakala ya shajara ya Dorothy, ukurasa wa mkate wa tangawizi. Bado anayo.